Gauni la Vipande

Asubuhi ya kwanza nilipoingia chumbani kwake, yule mama wa Kipunjabi alinishika mkono wa yunifomu kabla hata hajaniuliza jina. Alisugua ukingo wa kitambaa kati ya kidole gumba na cha shahada, akaufuata mshono mpaka karibu na kwapa, kisha akasonya. Nilidhani amekasirika kwa sababu nimechelewa. Basi la kutoka Hayes lilikuwa limekwama kwenye foleni. Nikajisemea chini chini, kama mtu anavyojisemea akijua hakuna wa kumwelewa, "Haya, leo tumeanza vibaya."

Akanigeuzia uso. Kisukari kilikuwa kimemharibu macho, aliona vivuli tu.

"Hatujaanza vibaya," akasema kwa Kiswahili. "Aliyeshona nguo yako ndiye aliyeanza vibaya. Alikuwa na haraka."

Nilikaa kitandani kwake bila kukaribishwa. Nimewaogesha na kuwavisha wazee wa London kwa miaka kumi na mitatu, na hakuna aliyewahi kunijibu kwa lugha hiyo. Alikuwa amezaliwa Kisumu, baba yake akiwa karani wa reli. Aliondoka akiwa na miaka kumi na minane, na Kiswahili chake kilibaki pale pale alipokiacha: kilikuwa Kiswahili cha msichana wa shule, chenye utani wa uwanjani. Mumewe alikuwa amekwisha kufariki. Aliishi Southall na mwanawe wa kiume na mkwe wake, ambao wote wawili walikuwa na kazi uwanja wa ndege na walitoka mapema. Nyumbani hapakuwa na mtu mwingine aliyejua hata kusema "maji" kwa Kiswahili.

Nilikuwa nakwenda kwake siku nne kwa wiki. Kumwogesha hakukuchukua muda. Kumvisha ndiko kulikotuchelewesha, maana alitaka kuishika kila nguo kwanza, aigeuze ndani nje, aniambie mshonaji alikosea wapi. Mimi nilikuwa nimepangiwa dakika arobaini na tano, na mara nyingi nilitoka mbio nikiwa bado na kifungo chake kimoja mawazoni.

Siku moja nilimuuliza alijifunzia wapi kushona.

"Kisumu, kwa masista," akasema. "Kisumu tulivaa gauni, mimi na mdogo wangu. Gauni za pamba, na soksi nyeupe. Baba hakusema neno. London ndiko tulikofunikwa."

Sikumwelewa. Nilikuwa nimekaa nikifikiri mambo ni kinyume, kwamba mtu akija Ulaya ndipo anapoanza kupunguza nguo. Akanieleza polepole, kwa asubuhi kadhaa, kwa sababu kila mara muda ulituishia.

Walifika mwishoni mwa miaka ya sitini, wazazi na mabinti wawili. Baba yake, aliyekuwa na meza yake na kalamu zake Kisumu, hakupata kazi ya ukarani hapa. Alipata ya kiwandani, na msimamizi akamwambia kilemba na ndevu, alama za dini yake, haviingii pale. Alikaa siku tatu bila kula sawasawa. Siku ya nne alinyoa, akakunja kilemba, akakiweka kabatini, akaenda kazini na kichwa kitupu. Jioni yake aliwaita mabinti zake akawaambia kuanzia siku hiyo hakuna gauni. Watavaa panjabi, ile suruali pana na kanzu yake, na mtandio kichwani, ndani na nje.

"Alikuwa amevuliwa yeye," yule mama akaniambia. "Sasa akatuvisha sisi."

Jirani yao alikuwa Mwingereza, mwanamke wa rika la mama yao, aliyependa kuzungumza juu ya ua wa nyuma wakati anaanika nguo. Yeye ndiye aliyewasimulia mabinti wale mambo ya huku. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia alikuwa akiunda ndege, amevaa suruali ya kazi na kitambaa kichwani, na mshahara ulikuwa wake. Kitambaa kiligawiwa kwa kuponi za mgao. Sketi zilikuwa nyembamba na fupi kidogo kwa sababu kitambaa hakikuwepo, si kwa sababu ya urembo. Vita vilipoisha waliambiwa asanteni, rudini nyumbani. Madukani zikaja sketi pana, kitambaa mita na mita, kiuno kimebanwa hata mtu hawezi kuinama vizuri. Alisema alizipenda, kwa kuwa alikuwa amechoka na uhaba, na alilia siku aliyovua suruali yake ya kazi. Mabinti zake sasa walikuwa na kazi maofisini, wakinunua nguo kwa fedha zao wenyewe bila kumuuliza baba wala mume, na kila msimu nguo zile zilizidi kupanda juu ya goti.

"Nami nilikuwa nikizishona," yule mama akasema.

Ndivyo ilivyokuwa. Kazi ya kiwandani baba hakuitaka kwa binti yake mkubwa, maana alikuwa amekwisha kuposwa. Basi cherehani ikawekwa chumba cha nyuma. Kila Jumatatu dereva wa gari la mizigo alileta mafurushi ya vipande vilivyokatwa tayari, na kila Ijumaa alichukua magauni yaliyokwisha. Yalikuwa magauni mafupi, yasiyo na mikono, yamenyooka kama gunia, rangi ya chungwa, ya waridi, nyeusi kwa nyeupe. Alishona mamia. Alikaa pale amejifunika mtandio, akiwashonea wasichana wa mji huu nguo za kuonyesha magoti, na hakuna gauni hata moja aliloruhusiwa kujipima.

Mdogo wake alijipima. Alikuwa na miaka kumi na sita, amepata kazi ya kufunga biskuti kiwandani kwa kuwa nyumbani walihitaji msaada. Siku za Ijumaa, kabla ya gari kufika, alivaa gauni moja juu ya suruali yake, akazunguka chumbani mara mbili, akalivua, akalikunja. Dada yake alicheka na kumwambia atalichafua.

Kisha dada mtu akamshonea la kwake. Hakuiba kitambaa. Alitumia vile vipande vidogo vilivyokuja vimezidi ndani ya mafurushi, ambavyo dereva hakuvitaka. Aliviunga kimoja kimoja, chungwa kwa nyeusi, nyeusi kwa waridi, na pindo akalishona kwa mkono ili mashine isisikike usiku. Alipofika hapo katika kunisimulia, vidole vyake vilikuwa vikitembea juu ya shuka.

"Lilikuwa zuri?" nikamuuliza.

"Mimi sijashona kitu kizuri tena baada ya lile."

Mdogo wake akawa anatoka nyumbani na panjabi, anabadilisha kwenye choo cha kituo cha treni, jioni anabadilisha tena. Ilikwenda hivyo kwa muda mfupi. Siku moja baba alikuwa ndani ya basi akamwona njiani, magoti wazi, anacheka na wenzake wa kazini. Akashuka. Hakumgombeza barabarani. Alitembea nyuma yake mpaka nyumbani bila kusema neno, akamsimamisha chumba cha nyuma, katikati ya mafurushi.

"Nani amekushonea hii?"

Mdogo alivuta pindo lishuke chini. Baba akamgeukia binti mkubwa, ambaye alikuwa amekaa palepale kwenye cherehani, na uzi wa rangi ya chungwa ukiwa bado kwenye sindano.

"Wewe unajua?"

"Sijui," akasema. "Labda amenunua."

Yule mama alinieleza hayo akiwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mkono mmoja ndani ya sweta, mwingine nje. Sikuthubutu kuumalizia.

"Mdogo wangu alinitazama," akaendelea. "Halafu akamwambia Baba, ndiyo, nimenunua. Baba akasema, basi aliyekuuzia akupe na pa kulala kuanzia Ijumaa."

Ijumaa ya wiki ile gari lilipokuja, yule mama mwenyewe ndiye aliyepakia magauni. Mdogo wake alikuwa amekwisha kuingia, amekaa nyuma juu ya mafurushi, na mfuko mdogo mapajani. Alikuwa amemwomba dereva amfikishe upande wa mashariki, ambako rafiki yake wa kiwandani alikuwa na chumba. Hawakuagana. Dada mtu aliweka furushi la mwisho, akafunga mlango wa gari.

"Niliogopa," akaniambia. "Harusi ilikuwa miezi miwili mbele. Lakini mlango nimeufunga mimi, kwa mkono huu."

Nilichelewa kwa mzee niliyepangiwa baada yake siku hiyo. Sikujali.

Nyumbani nina binti wa miaka kumi na saba. Juma moja kabla ya hapo nilikuwa nimesimama mlangoni kumzuia asitoke na kaptura aliyokuwa amevaa, nikamwambia hatatoka nyumbani kwangu akiwa hivyo. Maneno yale yalikuwa ya baba yangu, hata sauti ilikuwa yake. Jioni hiyo niliporudi kutoka Southall nilimkuta jikoni anakula konfleksi za maziwa kwenye bakuli, nikamwambia kwamba hata siku moja, kwa nguo yoyote, mlango wangu hautafungwa mbele yake. Alinitazama. Kiswahili anakielewa chote, lakini hujibu kwa Kiingereza.

"Mama, mbona leo una mambo ya ajabu?" akasema kwa Kiingereza chake, akaondoka na bakuli lake. Sijui kama alisikia nilichotaka asikie.

Majira ya vuli yule mama alianza kudhoofika. Asubuhi moja nikimfunga viatu aliniuliza kama naifahamu Stratford.

"Naifahamu. Nimewahi kufanya kazi huko."

"Mdogo wangu yuko huko. Anafundisha wanawake kushona, kwenye ukumbi nyuma ya kanisa. Mtu aliniambia hekaluni."

"Alikwambia lini, Mama?"

"Mwanangu alikuwa bado shule ya msingi."

Mwanawe ana mvi sasa. Kutoka Southall hadi Stratford, mashariki ya jiji, kwa ile treni mpya ya rangi ya zambarau unabadilisha mara moja tu, na chai yako haijapoa vizuri. Hata zamani, kabla ya treni hiyo, hakukuwa mbali.

"Na hukuwahi kwenda?"

"Nilikwenda mara moja. Nilifika kituoni, nikakaa kwenye benchi, nikarudi." Akanyoosha mguu wa pili nimvishe. "Wewe nenda. Nataka kujua tu kama yuko hai."

Sikuwa na ruhusa ya kufanya kazi ya namna hiyo. Tunaambiwa tangu siku ya kwanza ya mafunzo: mambo ya familia ya mteja si yako. Nilikwenda Jumamosi, siku yangu ya mapumziko.

Ukumbi ulikuwepo. Ndani kulikuwa na wanawake wapatao kumi, Wabengali, Wasomali, msichana mmoja Mwingereza mwenye nywele za buluu, na kati yao mwanamke mzee mwembamba, nywele amezikata fupi kama mwanamume, amevaa suruali ya mahameli yenye mistari, na futi ya fundi shingoni. Nilisubiri mpaka wanafunzi wakusanye vitu vyao. Nikamsogelea nikamwambia, "Shikamoo, Mama."

Mkono wake ulishika futi ile ncha zote mbili.

"Marahaba," akajibu. Halafu akavuta kiti. "Nani amekutuma?"

"Dada yako."

"Anakufa?"

"Haoni vizuri. Mwili umechoka. Ameniomba nijue kama uko hai."

"Niko hai," akasema, kama mtu anayejibu fomu. Akaanza kuokota pini sakafuni kwa sumaku. Nilidhani amemaliza nami, lakini aliendelea kusema akiwa ameinama. "Watu walidhani niliondoka kwa ajili ya gauni. Lile gauni lilikuwa limenibana kwapani. Sikumwambia, alikuwa amefurahi sana kulishona. Na usidhani lilinifanya huru. Nilipopata chumba huku, mwenye nyumba alinitazama miguu kabla hajanitazama uso. Kazini ilikuwa hivyo hivyo. Wasichana wa hapa walikuwa na baba wa kuwarudia mambo yakiharibika. Mimi nilikuwa na gauni."

"Yeye anasema aliogopa."

"Najua aliogopa. Sote tuliogopa." Akasimama wima. "Lakini alisema 'sijui' vizuri sana. Hakutetemeka hata kidogo. Mimi nililala na 'sijui' hiyo miaka mingi, nikijiuliza ni mara ngapi alikuwa amejizoeza."

Nikamwomba aje. Nilimwomba kama mtu anavyomwombea mama yake mwenyewe. Hakuahidi, aliandika tu anwani niliyomtajia na namba yangu ya simu.

Alikuja Jumatano, kama alivyonijulisha kwa simu, saa nne asubuhi, mvua ikinyesha. Yule mama alikuwa ameamka mapema. Alinifanya nimvishe mara mbili, akakataa nguo ya kijani akataka ya samawati, nami nikamchana nywele nikamfunga mtandio. Mlango ulipogongwa alinishika kifundo cha mkono akanibana mpaka ikauma.

Mdogo wake aliketi kwenye kiti kilichokuwa mkabala. Kisha mkubwa akanyoosha mkono, akagusa goti la mwenzake, akashuka na kitambaa mpaka chini.

"Suruali," akasema.

"Suruali."

"Umejishonea?"

"Ndiyo."

"Pindo limenyooka."

"Nina umri wa kutosha kunyoosha pindo, Dada."

Walikuwa wakizungumza Kiswahili. Nilitarajia Kipunjabi, nikatarajia nitakaa pembeni nisielewe, na ingekuwa nafuu. Nadhani Kipunjabi kilikuwa lugha ya baba yao.

"Nilisema sijui," mkubwa akasema.

"Nilikuwepo."

"Lakini nilikuwa najua."

"Najua ulikuwa unajua. Wewe ndiye uliyeshona." Akavuta pumzi. "Kwa nini hukuja? Si siku ile. Baadaye. Baba alipokufa. Mama alipokufa. Ulijua nilipo."

Machozi yalikuwa yakishuka kwenye mashavu ya yule mama, akiyaacha yadondoke kwenye nguo ya samawati. "Kila mwaka uliopita ulizidi kunitia aibu," akasema hatimaye. "Mwaka wa kwanza ningeweza. Wa kumi nisingeweza."

Niliwatengenezea chai ya maziwa yenye tangawizi. Waliinywa. Waliulizana juu ya masista, juu ya mwalimu fulani aliyekuwa na kengele ya mkononi, juu ya mbwa wa mkuu wa kituo cha reli. Mara moja walicheka kwa pamoja, nikafikiri sasa wamepatana. Kisha mdogo akatazama saa na kuvaa koti.

"Utakuja tena?" mkubwa akauliza.

"Nitaona."

Hawakukumbatiana. Mdogo aliusawazisha mtandio wa dada yake begani, pale ulipokuwa umeteleza, akaondoka.

Yule mama hakuweza kuficha furaha ile. Jioni alimsimulia mwanawe yote. Kesho yake mwanawe alinipigia simu, kwa adabu, bila kupaza sauti. Alisema mama yake hana dada. Alisema hajawahi kusikia habari ya dada kwa maisha yake yote, na kwamba nimemwingiza mtu asiyemfahamu nyumbani kwake wakati mama yake kipofu yuko peke yake. Nilijaribu kueleza. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyosikia jinsi jambo lenyewe linavyosikika kwa mtu aliyefichwa kila kitu. Kwa sheria za kazi yetu alikuwa na haki. Ofisi ilinihamishia kwa wateja wengine kuanzia Jumatatu, kule Hayes, karibu na kwangu. Walisema nafuu yangu ni kwamba sikufukuzwa.

Sikumuaga. Kwa majuma mengi nilihesabu siku zile nne na kujiuliza nani anamvisha, kama anamngoja aishike nguo kwanza, au anamwingiza mikono haraka haraka aende zake. Nilimwandikia mwanawe barua ya kuomba radhi. Haikujibiwa.

Mwezi wa pili, nikiwa nyumbani kwa mteja mmoja hapo Hayes, nilipata simu ya mdogo wa yule mama. Dada yake alikuwa amefariki juma lililotangulia. Yeye mwenyewe hakuwa amekwenda kumwona tena. Kila mara alijiambia atakwenda mvua ikipungua, atakwenda baada ya sikukuu, atakwenda darasa likifungwa. Mkwe wa marehemu ndiye aliyemtafuta, kwa siri, bila mumewe kujua mwanzoni, akamwambia wanawake wa familia watakusanyika kumwosha na kumvisha, na kwamba yeye ni familia.

"Walikuwa wamemnunulia nguo mpya," akaniambia. "Ya dukani. Ilikuwa kubwa, mikono imefunika vidole vyote. Nikaomba sindano. Mkwe wake akaniambia, kwa upole tu, hakuna haja, nguo yenyewe inakwenda kuchomwa pamoja naye. Nikamwambia najua inakwenda kuchomwa."

"Walikupa?"

"Mmoja alikuwa nayo kwenye mkoba. Nikakaa chini, nikaanza kupunguza."

Nyuma yake kulikuwa na sauti ya mashine zikishona, na wanawake wakizungumza.

"Ulimaliza?" nikamuuliza.

"Mkono mmoja. Gari lilikuwa limefika."

Akaniuliza kama niko kazini. Nikamwambia ndiyo, niko kazini. Akasema basi niendelee, asinicheleweshe, na yeye ana wanafunzi wanamngoja.